Kiboko Aliyeifungia Waifai Sandukuni

Mnanisikia?
Tunakusikia.
Mtandao upo?
Upo, ila unakatika.
Basi nianze kabla haujakata.
Anza, tumeshakaa.

Siku hiyo alikuwapo Kiboko, mwenye nyumba kubwa kando ya mto. Alikuwapo Kwale, jirani wa kushoto. Alikuwapo Kobe, jirani wa kulia. Alikuwapo Pimbi, mdogo wao kwa umri, na mgongoni mwake, ndani ya mbeleko, alikuwapo Kidawa, mtoto ambaye baba yake alikuwa hajamwona hata mara moja.

Baba Kidawa alikwenda kuchimba mawe mbali kabla mtoto hajazaliwa. Jioni hiyo angepiga simu ya video, kwa sababu kesho yake yeye na wachimbaji wenzake walikuwa wanahamishiwa bondeni, kusiko na mtandao kabisa, mpaka mvua ziishe. Na kule mtoni, kwa sababu ya vilima, mtandao ulikuwa mmoja tu: waifai ya nyumbani kwa Kiboko.

Zamani waifai ile ilikuwa ya mama yake Kiboko. Mama yule aliiweka ruta, kile kisanduku chenye taa, dirishani, na neno la siri lilikuwa "karibuni". Ukipita na simu yako anakuuliza, "Imeshika?" Kama haijashika anakusogezea kigoda ukae karibu na dirisha, na uji anakuletea.

Mama akafa, Kiboko akarithi nyumba na ruta. Akawa na wivu pia, ingawa huo hakuachiwa na mtu.

Akikaa mlangoni anamwona Kwale anacheka na simu. Roho inamuuma. Anamwona Kobe anatazama mpira. Roho inamuuma.

"Wanacheka na mtandao wangu," anasema. "Mimi mwenyewe haujawahi kunichekesha hivyo."

Akabadili neno la siri, likawa "simpimtu". Bado hakupata usingizi. Aliona kama mtandao unavuja dirishani kwenda kwa majirani. Akanunua sanduku la chuma, kama yale ya wanafunzi wa bweni, akaitia ruta ndani, akapitisha waya kwenye tundu, akafunga kufuli. Kacha.

Basi ikawa hivi. Kiboko anakaa kutazama mpira kwenye runinga. Mchezaji anakimbia, anakimbia, anainua mguu, kwii, picha inaganda. Kiboko anakwenda kwenye sanduku, pwata, pwata, pwata. Anafungua kufuli, kacha. Anachungulia kama ruta bado ipo. Ipo, taa zinawaka, na picha inarudi. Roho inatulia. Anafunga, kacha. Anarudi kitini, pwata, pwata, pwata. Mchezaji mwingine anakimbia, anakimbia, anainua mguu. Inakuwaje?

Kwii.

Naam. Kwii.

"Wananiibia," akasema Kiboko. "Wanauvuta kutokea nje." Akamwita Pimbi, kwa maana Pimbi ndiye aliyekuwa akimfutia mama wa Kiboko vumbi kwenye ruta na kumkazia nyaya.

"Mama Kidawa, hebu njoo uone kitu hiki. Kinanifanyia visa."

"Shikamoo, Mzee Kiboko. Kinafanyaje?"

"Kinakuja, kinakata. Kinakuja, kinakata. Kama mtu mwenye mpenzi wa pili."

Pimbi akazima ruta, akasubiri kidogo, akawasha. Taa zikawa za kijani. Akashika waya, akaona umekaza. Kiboko akafunga sanduku, na Pimbi akatembea na simu ya Kiboko chumbani. Karibu na sanduku, mtandao upo. Hatua chache, unayumba. Mlangoni, kwii.

"Ilianza lini, mzee?"

"Tangu nilipoanza kuitunza vizuri."

Pimbi akaelewa palepale. Chuma kilikuwa kimeufunika mtandao kama mfuniko wa sufuria unavyofunika mvuke. Akatazama jua, linashuka. Akafikiri: nikimwambia hivyo tu, ataitoa sandukuni na kulala nayo kitandani, na neno la siri hatampa mtu. Mtoto akajinyoosha mgongoni.

"Mzee Kiboko," akasema polepole, "wewe hutaki kujua ni nani anaingia humu?"

Masikio ya Kiboko yakasimama. "Nataka. Ndicho kinachoninyima usingizi."

"Sasa ukiifungia utaonaje? Itoe, iweke juu ya ukuta wa uani. Wape wote neno la siri. Kila atakayeingia, jina lake litatokea kwenye simu yako."

"La Kwale litatokea?"

"Litatokea."

"Na la Kobe?"

"Na la Kobe."

"Nitajua ameingia saa ngapi?"

"Na ametoka saa ngapi."

Kiboko akajikuna. "Lakini Mama Kidawa, nikiwapa, si watautumia?"

"Watautumia. Ila utawaona."

Kiboko akawaza. Kuwanyima ni kutamu. Kuwachungulia je? Midomo ikaanza kumcheza.

"Waite," akasema.

Wakaja. Kwale akampokea Kidawa bila kuombwa, akamweka chini ya bawa asipigwe na upepo. Kobe akajisogeza chini ya ukuta, Pimbi akapanda juu ya gamba lake.

"Miguu yangu ina tope, kaka Kobe."

"Panda tu. Mgongo huu umeona mengi."

Ruta ikakaa juu ya ukuta. Kiboko akalitaja neno la siri kwa shida, herufi moja moja, kama mtu anayeng'olewa meno.

Simu ya Pimbi ikalia. Kriii. Uso wa Baba Kidawa ukatokea, vumbi tupu. Hakusalimia.

"Mgeuze kidogo kwenye mwanga," akasema. "Hapo. Usimwondoe hapo."

Wakati huo Kiboko yuko kitini na simu yake. Mchezaji amekimbia, ameinua mguu, amefunga, Kiboko hakuona. Alikuwa anatazama majina.

"Mama Kidawa bado yumo," akasema. Roho ikamuuma. "Bado yumo." Akanyanyuka aende kuzima ruta, pwata, pwata. Akasimama. Akizima, hatajua Pimbi angetoka saa ngapi. Akarudi kitini. Akanyanyuka. Akarudi. Hivyo hivyo, mpaka baba akamaliza kumtazama mwanawe, na mtoto akalala.

Ngano yangu imefika, chaji imekwisha.
Tumeipokea, nenda ukachaji.

Na funzo, wanangu, ni hili: kitu chako kizuri usimgawie jirani. Kitie kwenye sanduku la chuma, kaza kufuli, kichungulie kila mara. Na mwenye wivu msimseme, maana bila wivu wa Kiboko, Baba Kidawa asingemwona mwanawe.

Lile sanduku siku hizi Kwale anatagia mayai humo.