Bi Fuko na Mlima wa Pilau

Hapo zamani za kale, watoto wangu, wanyama nao walikuwa na majiko yao, mikeka yao na masinia yao, na arusi ilikuwa arusi kweli!

Siku moja Bi Kanga alimwoza mwanawe. Tangu alfajiri, jirani yake Bi Fuko alikuwa uani na ungo, pe! pe! pe! anapepeta mchele. Hakuwa na zawadi ya kutoa, basi akatoa mikono yake. Nyumbani aliacha watoto wawili, siku ya nne hiyo wanakula mizizi mitupu. Alikuwa amewaahidi, "Leo narudi na samaki."

Adhuhuri masinia yakaanza kutoka jikoni. Loo! Masinia mapana ya shaba, kila moja na mlima wa pilau, mvuke unafuka fuu! Na katikati kabisa, ndani ya mlima, vimefukiwa vipande vya samaki, nguru wa kukaanga.

"Watatu watatu kwa sinia!" Bi Kanga akatangaza. "Waliokula sinia moja ni ndugu!"

Bi Fuko akajikuta kaketi na Fisi na Chui. Arusi iliyopita alikula nao hao hao, akaambulia punje saba.

"Ndugu gani huyu, kama kiazi!" Fisi akacheka. Akanyoosha ukucha, akachora mistari juu ya wali. "Huku kwangu. Huku kwako, Chui. Na wewe, Bi Fuko, kale kaupenyo kako. Kila mtu ale mbele yake! Akivuka mtu mstari, aondoke!"

"Sawa, kaka," Bi Fuko akajibu kwa adabu. "Ila mimi macho yangu hafifu. Upenyo wangu unaishia wapi?"

"Katikati!" Chui akanguruma. "Lakini mpaka ufike huko, sisi tumeshamaliza!"

"Na nitakachokikuta mbele yangu ni changu?"

"Chako!" Chui akasema. "Naapa kwa masharubu yangu!"

Wakacheka hadi machozi yakawatoka. Bi Fuko naye akacheka kidogo. Fuko, watoto wangu, hapandi mlima. Fuko huchimba!

Akaingiza mkono chini ya wali, kwenye upenyo wake. Chaku! Akala tonge. Chaku! Akala jingine. Juu, wali umesimama vilevile, hautikisiki.

Lakini wale wawili walikula mbio. Wakimkuta samaki kabla yake, je? Bi Fuko akainua pua.

"Kaka Fisi, eti ni kweli Chui anakushinda mbio?"

"Nani? Huyu?" Fisi akatema wali. "Mwulize juzi mtoni nani alitangulia!"

"Mtoni ulinipiga chenga!" Chui akafoka.

"Mwongo!"

"Mwongo wewe, na babu yako!"

Wakabishana, mikono hewani, sinia wamelisahau. Kule chini, chaku-chaku-chaku! Vidole vya Bi Fuko vikagusa kitu cha moto, kimekaukia kwa nje, kinanukia ndimu. Samaki! Nusura apige kelele kwa furaha. Kipande cha kwanza akala mwenyewe, maana njaa haina subira. Vingine akavivuta kimoja kimoja, akavifunga kwenye jani la mgomba mapajani pake.

"Basi, basi!" Fisi akasema hatimaye. "Tule samaki wetu." Akatumbukiza mkono katikati.

Porooo! Kilele cha mlima kikaporomoka. Ndani, tupu!

"Mwizi!" wakapiga ukelele. Bi Kanga akaja mbio, manyoya yamemsimama.

"Kuna nini hapa?"

"Kala samaki wote!"

"Alivuka mstari?"

Wakatazama. Mistari ya Fisi ilikuwa palepale ukingoni, safi kabisa. Kati ya mistari miwili ya upenyo wa Bi Fuko, kishimo kidogo kimenyooka moja kwa moja hadi katikati.

"Nimekula mbele yangu, mama arusi," Bi Fuko akasema. "Chui kaniapia kwa masharubu yake."

Chui akayashika masharubu. Uwanja mzima ukaangua kicheko, kwa! kwa! kwa!

Bi Fuko akainuka, akashukuru, akashika njia na jani lake. Hata kabla hajafika mlangoni kwake, watoto walishasikia harufu, wakatoka wakiruka.

Watoto wangu, ukitunga sheria ya kumpunja mwenzio, itakupunja wewe mwenyewe.