Kadi ya Corwin Hrynkiw

Waliopika kwa mafiga walijua kwamba hata uwe na jiwe zuri namna gani, likiwa peke yake chungu kitapinduka na mboga itaishia jivuni. Jambo zito halisimami kwa nguvu ya kitu kimoja. Corwin Hrynkiw wa Melville, Saskatchewan, huko Kanada, hakuwahi kupikia mafiga maishani mwake, lakini majira ya baridi yaliyopita alikiona cha mtema kuni.

Corwin alikuwa mtu asiyetulia. Tangu utotoni alikuwa kiguu na njia, na Bi Ouellette, dereva wa basi la shule, alikuwa akimtazama kila asubuhi kupitia kioo cha kutazamia nyuma na kumwambia, "Corwin, keti." Sasa alikuwa na umri wa miaka thelathini na miwili, mfanyakazi wa ghala la ngano, na jambo moja tu lilimkosesha raha: kiti chake katika timu. Yeye, Petra Dyck na Lorne Sawatzky walicheza gemu pamoja tangu sekondari, na kila Februari walibeba kompyuta zao hadi ukumbi wa klabu ya curling, ule mchezo wa kusukuma mawe juu ya barafu, kushindana na timu za miji jirani. Miaka miwili mfululizo kompyuta ya Corwin iliganda katikati ya mechi, wakashindwa. Safari hii Petra alimwambia bila kupepesa macho kwamba ikimwangusha tena, kiti kitakwenda kwa mchezaji wa akiba. Mchezaji huyo alikuwa Bi Ouellette mwenyewe, ambaye baada ya kustaafu alifundishwa gemu na wajukuu wake, na sasa alikuwa akiwatoa vijana jasho.

Corwin akauza pikipiki yake ya theluji, akapata dola elfu nne. Petra, ambaye ni fundi wa matrekta, alimwandikia orodha kwenye karatasi: kadi ya michoro ya kadiri, ile inayochora picha za gemu kwenye skrini, prosesa ya kwenda nayo sambamba, memori ya kutosha, na pawa saplai mpya, kile kisanduku kinachoilisha kompyuta umeme. Corwin aliisoma akacheka. Yeye alitaka kadi kubwa kuliko zote, na mengine yangejipa.

"Trekta lenye injini kubwa na tairi bovu linachimba shimo tu," Petra alimwambia.

"Baki na matrekta yako, dada. Kadi hii peke yake itawafunga midomo mji mzima wa Yorkton."

Kwa wiki tatu hakula akashiba. Kila baada ya dakika chache alifungua simu kuona kama kadi imeingia dukani, na siku ilipofika katika duka la mjini Regina aliacha chai mezani, akaendesha gari katika theluji ambayo watu wenye akili zao walikuwa wakiitazama dirishani. Kadi ilimeza dola elfu tatu. Zilizobaki zikaishia kwenye kasha la kompyuta la vioo lenye taa za rangi saba. Prosesa ikabaki ya zamani, na pawa saplai ile ile ya miaka tisa. Kadi ilikuwa nzito hata ikainama, akaiegemeza kwa kichupa cha chumvi, na kichupa kilipopelea kidogo akakiongezea karatasi iliyokunjwa. Akaijaribu kwa dakika kumi, ikafanya maajabu, akawatumia wenzake picha. Petra alijibu kwa neno moja: "Pawa?" Corwin akairudisha simu mfukoni.

Siku ya mashindano watu walilizunguka kasha lile, naye akawa anakwenda huku na huko kama kuku anayetafuta pa kutagia. Bi Ouellette aliingia na kompyuta yake ya kijivu akiwa ameiviringisha blanketi, akaiweka pembeni, akaenda kujipakulia perogi, vile vitumbua vya kuchemsha vilivyojazwa viazi. Mechi za kwanza walishinda. Fainali ikawakutanisha na Yorkton, wakaenda sare hadi raundi ya mwisho. Moto na moshi vilipojaa kwenye skrini, kadi ikadai umeme wote iliostahili, na pawa saplai kongwe ikashindwa kuutoa. Kikasikika kishindo kidogo, tik, na taa zote saba zikafa. Corwin akaiwasha upya; ikazimika tena. Mwamuzi akasimamisha mchezo na kuwapa dakika kumi.

Corwin alimkimbilia Bi Ouellette akamwomba amwazime pawa saplai yake. Bibi yule akaweka uma chini.

"Nikikupa hiyo, prosesa yako je? Na memori? Utarudi kuziomba nazo?"

Corwin akamgeukia Petra. Petra hakupaza sauti. "Inuka kitini, Corwin," alisema. "Tulikubaliana." Lorne alijitia kufunga kamba za viatu.

Aliinuka. Bi Ouellette akaketi mahali pake, naye akabaki amesimama nyuma yao, hajui mikono aiweke wapi. Kompyuta ya kijivu haikuwa na cha kujisifia: kadi ya wastani, prosesa ya wastani, kila kifaa kikimbeba mwenzake. Ilicheza hadi mwisho bila kukohoa, nao wakashinda. Mpiga picha alipowaita washindi, watatu walisimama na kikombe chao, na Corwin akawashikia makoti. Wivu ulimchoma, na aibu ikamchoma zaidi, kwa sababu hakuwa na wa kumlaumu.

Baadaye Bi Ouellette alivuta kiti kilichokuwa wazi kando yake.

"Corwin, keti," alisema, na kwa mara ya kwanza Corwin akaketi. "Ile orodha ya Petra bado unayo?"

Corwin alifungua kasha la vioo, akaingiza vidole chini ya kichupa cha chumvi, akaichomoa ile karatasi iliyokunjwa mara nne. Kadi ya dola elfu tatu ikainama palepale. Akaikunjua orodha juu ya goti na kuisoma tangu mwanzo, mstari kwa mstari, kama alivyopaswa kuisoma siku ile alipopewa. Hakika, jifya moja haliinjiki chungu.