Kisu cha Sangiwa

Mpini mbichi humeza makali. Methali hii mliisikia jana kwenye kikao cha mfereji, mzee Mkodo alipokataa maji yafunguliwe kabla saruji ya ukuta haijakomaa, na baadhi yenu mkacheka kwa kuwa pale hapakuwa na kisu wala mpini. Leo mnaniuliza imetoka wapi. Imetoka hapa hapa mlimani, katika nyumba ya babu yangu, nami nitawaeleza kama nilivyoelezwa, bila kuongeza.

Babu yangu, Mbonea, alikuwa mhunzi wa visu vya kukunja. Bapa alilifua kutoka kwenye jembe kuukuu, na mpini aliuchonga kwa mzeituni pori. Katikati ya mpini alikata mwanya ambamo bapa lililala, kisha akavishikanisha kwa msumari mmoja. Kazi ya chuma ilimchukua siku mbili. Kazi ya mti ilimchukua miaka miwili, kwa sababu kila kipande cha mzeituni kilikaa darini, juu ya moshi wa jiko, mpaka masika mawili yapite. Kila masika yalipokwisha, Mbonea alikwaruza mstari mmoja kwenye kipande. Kipande chenye mistari miwili kilishuka kikachongwa. Chenye mstari mmoja hakikuguswa.

Sababu yake si ushirikina. Mti mbichi ukikauka husinyaa, na ukisinyaa baada ya kuchongwa, mwanya hujifunga.

Wakati huo barabara ya gari ilikuwa haijafika huku. Ng'ombe walishushwa bondeni kwa njia ya miguu, na mahali pengine njia hiyo ilikuwa nyembamba kuliko kitanda. Aliyeshusha ng'ombe alihitaji mikono yake, mmoja wa fimbo na mwingine wa kushika miamba, kwa hiyo kamba ya ng'ombe aliifunga kiunoni mwake. Ndiyo maana hakuna mwanamume aliyeshuka bila kisu mfukoni. Ng'ombe akiteleza, unakata kamba. Usipokata, mnakwenda wote.

Kulikuwa pia na mwiko: kisu cha kushukia hakiazimwi. Watu waliamini kwamba anayeazima kisu anaazima na ajali ya mwenye kisu. Mwiko huo mtausikia tena.

Dada yake Mbonea, Namsifu, aliolewa na mtu aitwaye Sangiwa, mcheshi, mwenye mikono mikubwa. Mwaka mmoja Sangiwa alipewa kazi ya kupeleka fahali wa mahari ya mdogo wake, Kiure. Wakwe walikuwa bondeni na siku ilikwisha kupangwa. Wakwe wale walikuwa wamekwisha kuahirisha mara moja, na walisema wazi kwamba fahali asipofika siku hiyo, binti ataposwa na wengine. Siku tano kabla ya safari, kisu cha Sangiwa kilitumbukia kwenye bwawa la mfereji alipokuwa akisafisha mlango wa maji. Walikipapasa matopeni siku nzima wasikipate. Akaenda kwa shemeji yake.

"Shemeji, nichongee kisu."

"Bapa ninalo," Mbonea akasema. "Mpini sina. Vilivyo darini vina mstari mmoja."

"Mstari mmoja si mstari?"

"Ni nusu ya kazi."

"Wewe shemeji unakausha mti mpaka wajukuu wa mti huo wanaota," Sangiwa akacheka. "Mimi nashuka mara moja, napanda mara moja. Nikirudi nakurudishia, ukaukaushe mpaka kiama."

"Subiri nimwulize fundi wa kule ng'ambo ya kijito."

"Nimetoka kwake. Amelala na homa, na darini kwake hamna kitu. Siku ya mahari ni Alhamisi, Mbonea. Anayeoa ni Kiure, lakini nikichelewa, aibu naioa mimi."

Namsifu alikuwa amesimama mlangoni. Akamwambia kaka yake, "Mtengenezee. Au unataka ashuke mikono mitupu?"

Mbonea alishusha kipande chenye mstari mmoja. Alikichonga kwa uangalifu kuliko kawaida na kuupanua mwanya kidogo, akidhani nafasi hiyo ingetosha. Kisu kilipokamilika, Sangiwa alikifungua na kukifunga mara kumi mbele yake, na mara zote kilifunguka. Mbonea akampa. Wakati wote huo kisu chake mwenyewe, chenye mpini wa mistari miwili, kilikuwa mfukoni mwake.

Sangiwa na Kiure waliondoka Jumatano alfajiri, fahali mbele, Kiure nyuma na mtamba aliyekuwa sehemu ya mahari hiyo. Ukungu wa mlimani waliuacha baada ya saa mbili. Chini yake kulikuwa na jua kali na upepo mkavu wa bondeni, na waliendelea kushuka humo mpaka adhuhuri. Kisu kilikuwa mfukoni mwa Sangiwa muda wote huo, hakukigusa.

Kwenye kona ya tatu kutoka chini, fahali alikanyaga changarawe, miguu ya nyuma ikatoka njiani. Yaliyofuata aliyasimulia Kiure, naye aliyarudia kwa maneno yale yale mpaka alipozeeka. Sangiwa alikaa chini, akakita visigino kwenye mwamba, akatoa kisu. Hakupiga kelele. Aliingiza ukucha penye alama ya kufungulia, akavuta. Akavuta tena. Akakiuma kwa meno. Kiure alifunga mtamba kwenye kisiki, akachomoa kisu chake na kukimbia, lakini kati yao palikuwa na hatua kama sitini za njia mbaya. Alipobakiwa na hatua kumi, Sangiwa alimtazama akasema, "Hakifunguki," kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa. Kisha mahali pale pakawa patupu.

Walimkuta bondeni jioni, kamba ingali kiunoni. Kisu kilikuwa ndani ya ngumi yake, kimefungwa, na ukucha wa kidole gumba ulikuwa umeng'oka.

Baada ya mazishi, Kiure alileta kisu kwa Mbonea mbele ya wazee, akakiweka kwenye ngozi. Mbonea alijaribu kukifungua kwa vidole akashindwa. Alichukua koleo, akashindwa. Mwishowe aliupasua mpini kwa patasi, na bapa likaanguka, jipya, linang'aa, halijakata kitu chochote tangu lifuliwe.

Mzee mmoja akasema, "Ni ajali. Fahali aliteleza."

"Fahali aliteleza," Mbonea akajibu, "lakini si fahali aliyefunga mwanya huu. Mti ulikuwa na mstari mmoja, nami nilijua."

"Alikuomba."

"Aliniomba kisu. Nilimpa kitu kinachofanana na kisu."

Namsifu akauliza, "Kaka, chako kilikuwa wapi siku ile?"

"Mfukoni."

"Kikavu?"

"Kikavu, dada."

"Kwa nini hukumpa?"

"Mwiko," akasema.

"Basi uliogopa mwiko, hukuogopa mti," Namsifu akasema. "Na mimi ndiye niliyekwambia mtengenezee." Akajifunika kanga usoni, akatoka.

Mbonea alikiokota kile kipande cha mpini kilichopasuka, akakigeuza mstari ukaonekana, akasema, "Mpini mbichi humeza makali." Wazee waliondoka mmoja mmoja.

Baada ya hapo babu yangu alifua visu miaka ishirini na mitatu. Aliyemharakisha alionyeshwa mstari mmoja, akapewa kisu cha babu mwenyewe ashuke nacho. Wengine walikikataa kwa hofu ya mwiko, wakaahirisha safari. Waliokubali walishuka wakarudi. Namsifu hakuingia tena karakana ile, na yule binti wa bondeni aliolewa kwingine.

Nusu mbili za mpini ule ninazo. Ukizishikanisha leo, baada ya miaka yote hii, mwanya hauingizi hata ukucha. Mti ulikuja kukauka sawasawa, kama ulivyopaswa. Ulikauka Sangiwa akiwa amekwisha kuzikwa.

Basi mzee Mkodo akiwaambia msubiri ukuta, msimtafute kisu mkononi. Mpini mbichi humeza makali.