Punde ya Waziri

Hapo zamani, Sultani wa Shangale aliyapenda maneno kuliko watu waliomjia nayo. Siku moja akawauliza wanavyuoni wake, "Neno 'punde' maana yake nini, asili yake wapi, na hutumiwaje?" Wakabishana mpaka vilemba vikalegea, wala wasipatane. Ikapigwa mbiu: ajuaye aje aeleze, na atakayempotezea Sultani wakati atatiwa ngomeni.

Basi akaja Mbaruku Kidoto, fukara asiye na kitu ila ulimi. Nduguye Shaali, mpishi, alikuwa amefungwa ngomeni kwa kuzidisha chumvi katika biriani ya Waziri. Kila Mbaruku alipokwenda kumwombea, Waziri alimjibu, "Punde atatoka." Mahindi yakapandwa, yakavunwa, yakapandwa tena.

"Maulana," akasema Mbaruku, "neno hili huonyeshwa. Kesho njoo kwangu ule chakula cha mchana, na Waziri pia."

Walipofika, Mbaruku akatwaa birika, akawanawisha wote wawili papo hapo. Na ada ya Shangale ni kwamba mgeni akishanawa hainuki mpaka ale. Akiinuka na njaa, nuksi humfuata hadi kwake, hata awe mfalme.

Wakangoja. Jua likapinduka. Tumbo la Sultani likanguruma, wote wakajitia hawakusikia.

"Ewe Mbaruku, chakula ki wapi?"

"Punde, Maulana."

Alasiri ikaingia. "Mbaruku!"

"Jambo lako limepokelewa, Maulana, nalo linaangaliwa."

"Linaangaliwa na nani, baradhuli wewe? Jikoni hamna hata moshi!"

"Ni kweli, Maulana. Mpishi ni ndugu yangu Shaali, naye yumo ngomeni mwako. Nimeahidiwa atatoka punde, na aliyeniahidi ndiye huyo ubavuni pako. Muulize yeye tutakula lini."

Sultani akageuka. Waziri akafumbua kinywa, "Pu—"

"Ukilimaliza neno hilo, nakula wewe!"

Waziri, asiyeweza kuinuka, akavua pete yake ya muhuri akampa askari, naye akatoka mbio. Shaali akaja, akapika, na chumvi akaizidisha makusudi. Sultani akala, akalamba vidole, akacheka hata akapaliwa.

"Maana nimeiona, na matumizi nimeyaonja. Je, asili yake?"

"Ni barazani kwako, Maulana."

Kicheko kikakatika. Kisha Sultani akacheka tena, ila safari hii kidogo, akamfanya Shaali mpishi wa jumba lake.

Na tangu siku hiyo, mwenye shida aliyekwenda kwa Waziri hakubeba zawadi, alibeba birika. Waziri alipoliona tu, alificha mikono mgongoni, na jambo likaisha.