Milango Miwili ya Gileadi

Zamani hizo, nyika ya Kansasi ilipokuwa nyasi tupu kila uangaliapo, nyumba za kijiji cha Gileadi zilikuwa na mlango mmoja mmoja kama nyumba za watu wengine. Miti haikuwako. Watu walikata mabonge ya udongo yenye mizizi ya nyasi, wakayapanga kama matofali, wakapata kuta. Taabu ilikuwa mbao, na aliyepata mlango wa mbao alijiona amejaliwa.

Wanakijiji hao walikuwa wametoka utumwani Kentaki. Serikali ilimkatia kila mmoja shamba, kwa sharti kwamba alale miaka mitano juu ya ardhi yake, ndani ya nyumba yake. Akikutwa analala kwingine, shamba humtoka.

Bi Kezia alikuwa mmoja wao, mjane, mfupi wa kimo na mrefu wa ulimi. Shamba lake lilipakana na la Bi Tempi, mjane mwenzake, ila nyumba zao ziliachana mwendo wa nusu saa. Mwaka wa kwanza theluji ilianguka siku tatu mfululizo. Ilipokoma, Bi Kezia alikwenda kumjulia hali jirani yake, akamkuta amelala kando ya majivu baridi, roho i karibu kumtoka. Samadi kavu ya kuwashia moto ilikuwa imemwishia. Alipona, lakini vidole vitatu vya mguu, vilivyokufa kwa baridi, vilikatwa.

Bi Kezia alilia siku ile, na alilia kwa hasira. Kipupwe kingine kingemmaliza mmoja wao. Wakihamia nyumba moja, mmoja angenyang'anywa shamba. Na yeye, aliyezaliwa akiwa mali ya mtu, hakuwa tayari kupoteza hata konzi ya udongo wake.

"Basi tujenge juu ya mpaka," alimwambia mwenzake. "Wewe ulale kwako, mimi nilale kwangu, jiko tuliweke katikati."

Mpaka wenyewe haukuonekana kwa macho. Palikuwa na jiwe la serikali tu, huko kwenye ncha ya magharibi ya shamba la Bi Kezia. Hakujua kusoma, lakini kuhesabu alijua. Alilipima kwa kamba gurudumu la gari lake la ng'ombe, akalifunga kitambaa chekundu, akaswaga ng'ombe kutoka kwenye lile jiwe akihesabu kila kitambaa kilipopanda juu. Hesabu ilipotimia urefu wa shamba aliotajiwa na serikali, akapigilia kigingi, wakajenga nyumba juu yake, kila mmoja na mlango wake. Kisha akalivunja gari, maana mbao za mlango wa pili hazikuwako kwingine.

"Tukishindwa, dada, tutaondoka kwa gari gani?" Bi Tempi aliuliza.

"Ndiyo maana nalivunja," akajibu Bi Kezia.

Sasa palikuwa na Bwana Krenshaw, mfugaji aliyeumezea mate mkondo wa maji wa wajane wale. Alikwenda kuwashtaki. Afisa wa ardhi akaja na mnyororo wa kupimia, na kijiji kizima kikakusanyika.

"Wanawake wawili, nyumba moja," alisema afisa. "Mmoja wenu hayuko kwake."

"Pima, bwana," alisema Bi Kezia. "Hata chumvi nikimpa mwenzangu, naivusha mpaka."

Watu wakacheka. Yeye mwenyewe hakucheka. Kama alikosea mizunguko michache tu, vitanda vyote viwili vilikuwa katika shamba moja. Mnyororo ukatoka kwenye jiwe, ukaburutwa nyasini, ukaingia kwa mlango wake, ukapita kitanda chake, ukaishia chini ya jiko, shubiri moja tu kutoka kwenye kigingi. Kitanda cha Bi Tempi kilikuwa ng'ambo, karibu na mlango uliotokana na gari.

Afisa aliinama, akakitazama kigingi. Kisha akaomba kiti, akaandika kwamba kila mmoja analala kwake, akatia sahihi. Vigelegele vilivyopigwa viliwatimua ng'ombe wa Krenshaw, naye akawakimbilia akiwa ameshika kofia. Miaka mitano ilipotimia, wajane wote wawili walipewa hati zao.

Na tangu siku hiyo nyumba za Gileadi hujengwa na milango miwili na jiko katikati, ingawa sharti lile lilikwisha kitambo. Mgeni akiuliza abishe mlango upi, huambiwa abishe wowote, maana moto ni mmoja.