Mbelwa na Mtu Wake wa Kurasa Arobaini

Mmeanza tena. Tangu asubuhi simu inalia, "Bibi, tuandikie ile ya seremala na makaratasi." Mimi shule niliishia darasa la pili, macho yenyewe haya, na mchele uko kwenye ungo haujachambuliwa. Naandika mara moja tu. Mkimaliza kusoma wapelekeeni wengine, mniache nipike.

Palikuwa na seremala mmoja, jina lake Mbelwa. Kazi yake safi. Mlango akiuweka yeye, hata masika haukwami. Ila alikuwa mzito wa kuanza jambo. Ubao mmoja ataupima mara tano, atauzunguka, ataupuliza vumbi, ndipo ashike msumeno.

Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana alikwenda kwa Mwalimu Shekiondo, aliyemfundisha kusoma utotoni, sasa amestaafu. Pale barazani walicheza mchezo wa hadithi. Si mchezo mgumu. Kila mmoja anajitungia mtu: jina lake, anachokiweza, anachokiogopa. Mwalimu anasimulia nchi na hatari zake, wachezaji wanasema watu wao wanafanya nini, na dadu inaamua kama wamefaulu au wameumia. Watu wazima wenye wajukuu wanakaa hapo mpaka chai inapoa.

Siku moja Mwalimu akawaambia, sauti inakwaruza:

"Koo langu lina uvimbe. Zimebaki Jumamosi nne, hii ikiwemo, kisha napasuliwa. Huenda nisiseme tena. Nina hadithi moja ya safari sijapata kumsimulia mtu. Nataka niifikishe mwisho kwa mdomo wangu. Tungeni watu wapya, tuanze."

Wachezaji wengine walikuwa wawili: Tausi muuza maandazi, na Mama Shekue, nesi mstaafu.

Tausi akashika kalamu. Kikombe chake hakijafika nusu, amemaliza. "Wangu anaitwa Mwanakombo. Mwizi wa kuku. Anaogopa mbwa. Basi."

"Alizaliwa wapi?" Mbelwa akauliza.

"Akifika huko nitajua."

Mama Shekue naye akamaliza. Wake mganga wa mifupa, mkali, sikio moja halisikii.

Karatasi ya Mbelwa ilikuwa na mstari mmoja, na huo mstari ameufuta. "Mwalimu," akasema, "nipe wiki moja."

Sasa baraza lile lilikuwa na desturi yake: dadu hairushwi mpaka kila aliyekaa amsome mtu wake kwa sauti, wote wamsikie. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyeiweka. Basi wakanywa chai, wakaenda zao.

Na tuseme kweli, Mbelwa hakuwa na ubaya. Alijua huenda hiyo ndiyo hadithi ya mwisho ya Mwalimu, akaona aibu kumpelekea mtu wa kubahatisha. Kila alfajiri kabla ya kufungua karakana alikaa na daftari. Akamtunga mpiganaji, akamwita Ngao. Akampa baba na babu. Akampa kovu begani, na aliyemtia kovu, na sababu ya ugomvi. Akampa viatu, na fundi aliyevishona.

Jumamosi ya pili alikuja na kurasa kumi na mbili. "Hajakamilika. Sijajua mama yake alimwachia nini."

"Kaka Mbelwa," Tausi akasema, "unatunga mtu au unaposa? Maana hata mahari watu wanakubaliana wakala pilau!"

"Nataka awe mtu kweli, dada."

"Mtu kweli anatembea. Huyu wako amelala kwenye daftari."

Mwalimu akacheka, kicheko kikageuka kikohozi kirefu. Mama Shekue akamtazama lile koo, kisha akamtazama Mbelwa.

"Mwacheni," Mwalimu akasema. "Anafanya kwa mapenzi."

Jumamosi ya tatu, kurasa ishirini na nane. Tausi akapiga meza. "Tuanze bila yeye!" Mwalimu akatikisa kichwa. Sauti yake siku hiyo ilikuwa kama ya mtu aliyejifunika shuka usoni. Mbelwa aliisikia. Ikamuuma, akajiambia wiki hii namaliza.

Kweli akamaliza. Jumamosi ya mwisho alikuja na kurasa arobaini zimeshonwa kwa uzi, anang'aa kama bwana harusi. Akasoma. Akasoma. Birika likaletwa mara ya pili. Tausi akasinzia, akaamka, bado wako kwa babu yake Ngao.

Hatimaye Mwalimu akaanza, kwa pumzi zaidi kuliko sauti. "Mmefika mtoni. Pana daraja la kamba. Ng'ambo kuna mji ambao hamna aliyerudi akausimulia."

"Mwanakombo anavuka," Tausi akasema papo hapo, akarusha dadu.

"Umevuka. Lakini ng'ambo pana mbwa."

"Mama yangu! Anapanda juu ya mti! Huyu aling'atwa na mbwa wa shangazi yake, siku aliyoiba kuku wa kwanza. Ndiyo alianzia hapo!"

Wote wakacheka, hata Mama Shekue. Mbelwa akaona jambo likamkaa vibaya. Yule mwizi wa mstari mmoja amekuwa mtu mbele ya macho yake, na hata shangazi yake kapatikana hukohuko juu ya mti.

Zamu yake ikafika. Akaishika dadu, akaipima kiganjani. Ikianguka vibaya, Ngao anatumbukia mtoni na kurasa zake zote arobaini.

"Mwalimu, ngoja kwanza. Hizo kamba ni za nini? Za zamani? Ngao hawezi tu kukanyaga."

Mwalimu akafungua mdomo amjibu. Hakikutoka kitu. Akanywa maji, akajaribu tena. Pumzi tupu.

Mbelwa akaiweka dadu chini. "Nisamehe, Mwalimu. Nilitaka akufae."

Mwalimu akampigapiga bega, kama unavyombembeleza mtoto aliyevunja sahani. Kisha akainuka kwenye kiti cha msimulizi, akamwonyesha kwa kidole: kaa wewe.

"Mimi? Sijajiandaa! Hadithi yenyewe siijui!"

"Sisi tunaijua?" Tausi akamwambia. "Kaa, kaka."

Msimulizi hana mtu wake mchezoni. Mwalimu akazichukua zile kurasa arobaini kwa mikono miwili, kwa heshima zote, akaziweka pembeni. Akachana kipande cha mfuko wa sukari, akaandika haraka, akakisukuma mezani. Mama Shekue akasoma:

"Mzee. Hana sauti. Njia anaijua."

Mwalimu akarusha dadu, akamkazia macho Mbelwa. Mbelwa akafungua mdomo kabla hajajua atasema nini. "Mzee anakanyaga. Kamba moja… inakatika."

Jumatano Mwalimu akapasuliwa. Alipona, sauti haikurudi. Jumamosi zote anakuja, anacheza mzee wake bubu, anacheka kwa mabega. Mbelwa anasimulia, na si haba. Mara tatu alimpelekea Mwalimu daftari jipya, amwandikie ile safari ilikuwa iishie wapi. Mara tatu Mwalimu akalirudisha jeupe, akigusa midomo yake: ile ilikuwa ya mdomo, si ya karatasi.

Hicho ndicho Mbelwa alicholipa. Ngao wake hakuvuka hata daraja moja, na hadithi aliyoitamani kuliko wote mwisho wake hatausikia.

Funzo: Mtu wa mchezo mtunge kwa muda wa kikombe kimoja cha chai, mengine atayapata njiani. Ukimtengeneza mpaka akamilike, saa unazotumia ni za wenzako, na huenda mmoja wao hana nyingine.