Rasti na Mto Uliokuja Bila Mvua

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa huko nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawaaa!

Haya. Mwenye kusinzia afinywe, mwenye kukohoa akohoe sasa hivi, amalize. Twende.

Hapo zamani za kale, mbali kabisa, kule Australia, kwenye nyika nyekundu kama tofali, ambako mchungaji huswaga kondoo siku nenda siku rudi asione hata paa la nyumba, palikuwa na mbwa. Jina lake Rasti. Kazi yake ilikuwa kuchunga kondoo, na kazi aliijua. Lakini kitu alichokipenda kuliko kazi kilikuwa kusema uongo.

Si uongo wa kudhuru mtu, la! Uongo wa kuchekesha. Kondoo wakijilaza, Rasti hukaa kitako, hujikuna sikio, kwaru kwaru kwaru, kisha huanza.

"Mwaka wa ukame mkubwa," husema, "ardhi ilikauka, ikakauka, hata kivuli changu kikapasuka. Paa! Vipande viwili."

"Ikawaje, Rasti? Ikawaje?" huuliza kondoo.

"Nikakishona kwa mwiba. Nikatembea nacho hivyo hivyo, kinachechemea."

Siku nyingine husema, "Nilimkimbiza sungura mbio, mbio, mbio, mpaka nikajipita mwenyewe. Ikabidi nisimame chini ya mti nijingoje."

"Ikawaje? Ikawaje?"

"Nilichelewa sana kufika."

Kondoo hucheka, meee-he-he-he! Bi Merina, yule kondoo jike mkubwa aliyeongoza kundi, hucheka mpaka akagaagaa mavumbini. Farasi peke yake hakucheka. Farasi alikuwa mzee wa kubeba mizigo, mnyofu, na tangu azaliwe hakuwahi kuongeza neno. "Uongo mtupu," husema, na kuwapa kisogo.

Basi mwaka mmoja mvua ikakataa. Nyasi zikawa vumbi, vumbi likawa hewa. Bwana wao, mwenye kundi, akawateremsha katika mto mkavu. Mto wa jina tu, bwana! Mchanga mtupu kutoka ukingo hadi ukingo. Lakini kando yake palikuwa na miti mirefu, na chini ya miti palikuwa na kivuli. Akamfunga Farasi miguu ya mbele kwa ukanda wa ngozi, asizurure. Akamwambia Rasti, "Linda." Kisha akashika njia kwenda kutafuta kisima ng'ambo ya vilima.

Jua likapanda. Mbingu ilikuwa samawati, safi, haina hata wingu la kufutia jasho.

Mara, fwaa, fwaa, fwaa! Ndege mkubwa akatua juu ya gogo. Mwari, yule mwenye mfuko chini ya mdomo.

"Hodi, wenyeji," akasema.

"Karibu, mgeni," akajibu Rasti. "Za utokako?"

"Za huko ni maji. Maji yanakuja. Ondokeni mtoni."

Kondoo wakatazama juu. Wakatazamana. Wakaangua kicheko.

"Rasti!" akapiga kelele Bi Merina. "Leo umepata mwenzio! Huyu amekushinda!"

Rasti naye alicheka. Aliupenda uongo mzuri, hata wa mwingine. Akasogea karibu auonje vizuri.

"Enhe, mgeni. Maji yenyewe makubwa kiasi gani?"

"Sijui. Nimeruka juu yake tangu alfajiri, sijaona mwisho wake."

"Yametoka wapi na mvua haijanyesha?"

"Imenyesha mbali, kaskazini, kwenye nchi ambayo ninyi hamjaiona."

"Yatafika lini?"

"Sijui. Yanatembea. Mimi naruka."

Rasti akaacha kucheka. Manyoya ya mgongoni yakasimama, moja moja. Maana yeye uongo aliujua kama fundi anavyojua mbao. Mwongo ukimuuliza, jibu analo. Ukimuuliza tena, analo kubwa zaidi. Lakini huyu mgeni alikuwa akisema sijui. Mwongo gani husema sijui?

"Haki ya Mungu," akanong'ona Rasti, "anasema kweli."

Mwari akapiga mbawa, fwaa, fwaa, akaenda zake.

Rasti akageuka. "Jamani! Inukeni! Twende juu! Maji yanakuja!"

"Meee-he-he-he! Ikawaje, Rasti?"

"Sisemi ngano! Ni kweli!"

"Ikawaje? Ikawaje?"

Akabweka. Wakacheka. Akamwuma mmoja kisigino, wakadhani ni mzaha, wakazidi kucheka. Wana-kondoo wamelala kwenye mchanga wa baridi, macho yamefumba. Moyo wa Rasti ukadunda, du, du, du. Kwa mara ya kwanza alikuwa na kweli mdomoni, na mdomo wenyewe haukuaminika.

Basi akafanya nini? Akakaa kitako. Akajikuna sikio, kwaru kwaru kwaru.

"Bi Merina," akasema polepole, "nimewahi kukusimulia habari za bibi yake bibi yako?"

"Hata siku moja!"

"Alikuwa kondoo mkubwa, mkubwa, mkubwa. Sufu yake ilinasa mawingu. Siku ya kunyolewa wakaja wanyoaji na mikasi, wakaweka ngazi..."

Akainuka, akapiga hatua chache kupanda ukingo. "Upepo unanikatiza. Sogeeni."

Wakainuka. Wakasogea. "Ikawaje, Rasti? Ikawaje?"

"Wanyoaji wakaingia ndani ya sufu. Wakapotea humo! Wakawa wanaitana: Huuu! Uko wapi? Huuu! Niko begani! Wewe uko wapi? Sijui, nadhani ni ubavuni!"

Akapanda tena. "Waamsheni watoto, nao wasikie."

"Ikawaje? Ikawaje?"

Akawavuta hivyo, neno kwa hatua, hatua kwa neno. Wanyoaji wakajenga kibanda ndani ya sufu, wakalima viazi, wakaoana, wakazaa. Kundi zima likapanda, wakubwa kwa wadogo, vumbi likiwafuata, hadi juu ya kilima cha mawe.

Farasi alibaki chini. "Mimi sifuati uongo," alisema, akageuza kisogo.

Ndipo upepo ukageuka. Ukaja na harufu ambayo wana-kondoo hawakuijua tangu wazaliwe: harufu ya udongo ulioloa. Mijusi wakatoka mchangani wakikimbia. Kwa mbali ikasikika: vuuuuu.

Rasti akaukata uongo katikati. Akatimua mbio kuteremka. Akaushika ule ukanda wa miguu ya Farasi kwa meno, akautafuna, akautafuna.

"Sasa hii ni ngano gani?" akauliza Farasi.

Rasti alizidi kutafuna. Kinywa kilijaa ngozi na damu.

Farasi akainua kichwa. Kwenye kona ya mto, chini ya mbingu samawati isiyo na wingu, ukatokea ukuta. Ukuta wa rangi ya chai, wenye povu, umebeba miti mizima na mizizi yake, na miti ilikuwa ikigeuka geuka kama vijiti.

Katu! Ukanda ukakatika. Farasi akaruka, Rasti nyuma yake, wakapanda ukingo kwa kucha na kwato. Maji yakapita. Yalimvuta Rasti mkia, yakamwachia.

Jamani. Yalipita mchana kutwa. Mto ukajaa, ukafurika, ukaingia nyikani, nyika nyekundu ikawa bahari, na mbingu ikalala ndani yake. Ndege weupe wakaja kwa maelfu, hakuna ajuaye nani aliwaita.

Mwishowe Bi Merina akasema kwa sauti ndogo, "Rasti, tuelezee tulichokiona."

Rasti akafungua mdomo. Akatafuta neno la kuongeza, asilipate. Hapakuwa na mahali pa kuliweka.

"Tazameni tu," akasema.

Farasi akamsogelea, akasimama ubavuni mwake. Wakatazama.

Kesho yake bwana wao akatokea kwenye kilima cha ng'ambo, amekata tamaa ya kulikuta kundi lake hai. Akaona maji. Akaona kundi lake zima limesimama juu ya mawe. Akavua kofia, akaishika kifuani, akakaa chini pale pale.

Basi, wakubwa kwa wadogo, funzo ni hili: habari usiicheke kwa kuwa ni kubwa, iulize maswali kwanza. Na dunia hii ina mambo ambayo hakuna mwongo anayeyafikia.

Ngano yangu imechoka, imekaa chini. Mwenye yake na aisimamishe.